Korbani ya siku hizi: ahadi kanisani imelipwa yote, mama kijijini anakopa unga

Karani wa Mnada (mleta uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Wasio Wakristo nao karibuni, maana jambo hili linamhusu kila mwenye mama, mwenye mfanyakazi au mwenye deni dukani.

Nyuzi za kuheshimu wazazi humu ni nyingi, na karibu zote zinaishia kwenye shikamoo, kutojibizana na wakubwa, kupokea mzigo. Malezi mazuri hayo, siyapingi. Ila ukiisoma Biblia kwa utulivu utaona heshima inayotajwa mle mara nyingi inatoka mfukoni. Na sisi watu wa kanisani tumeshaipatia njia ya kuikwepa, tena njia yenyewe inanukia ubani.

Fungua Marko 7. Mafarisayo na waandishi wametoka Yerusalemu na kesi yao: wanafunzi wanakula bila kunawa. Kabla hata hajagusa habari za mikono, Yesu anawageuzia kibao. Anawaambia Musa alisema waheshimu baba yako na mama yako, "bali ninyi husema, Mtu akimwambia babaye au mamaye, Hiki ambacho kwa hicho ungefaidiwa nami ni Korbani, maana ni wakfu, wala baada ya hayo hamruhusu kumtendea neno babaye au mamaye."

Ilikuwa hivi: mtu ana shamba, mifugo, akiba. Wazazi wamechoka. Anaweka nadhiri kwamba chochote ambacho wangefaidika nacho kutoka kwake ni wakfu kwa Mungu. Akishatamka, basi, wazazi hawakigusi. Na si lazima kipelekwe hekaluni kesho yake, kinaweza kubaki kwake akaendelea kukitumia. Kuna kifuniko cha sanduku la mifupa la zama zile kilichopatikana karibu na Yerusalemu, kimeandikwa kwa Kiaramu kwamba chochote atakachokiona mtu humo kimfae ni korbani kwa Mungu kutoka kwake aliyemo. Yaani mwizi, usiguse. Sasa fikiria: onyo la kumzuia mwizi kaburini ndilo hilo hilo mwana aliloweza kumwekea mama yake mzazi.

Tuje kwetu. Wanaosali KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, wanaujua mnada baada ya ibada. Bibi mmoja katoa kuku, sokoni huyo kuku hafiki elfu ishirini na tano. Mnadi anaanza, "nani ana thelathini?" Vijana wanapandishiana, mmoja anamchukua kwa tisini, halafu anasema, "namrudisha, auzwe tena." Vigelegele, pambio, kuku miguu imefungwa kamba anatazama tu. Mimi hukaa kwenye meza ya kuandika majina, kwa hiyo wanunuzi nawajua. Na kwa vile wengi tumetoka sehemu moja, nawajua na mama zao. Yupo ambaye mama yake anachukua unga kwa mkopo duka la jirani, kilo mbili mbili, na mwenye duka ana daftari. Kijana labda hajui kama kuna daftari. Labda anajua.

Sisemi mnada ni dhambi. Bati za kanisa letu zimetokana na mnada. Nasema kuna fedha ambayo kabla hujaamua kumpa Mungu ilishakuwa ya mtu mwingine, na huyo mtu hana kipaza sauti.

Malaki 3:10 tunaijua wote kwa moyo, leteni zaka kamili ghalani. Pandisha macho mistari mitano tu. Malaki 3:5, Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na "wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, wamwoneao mjane na yatima." Anayemdhulumu dada wa kazi kawekwa foleni moja na mchawi! Huo mstari mara ya mwisho umeusikia lini siku ya mavuno?

Paulo ndiye anamaliza kabisa. 1 Timotheo 5 anaanza, waheshimu wajane walio wajane kweli kweli. Halafu haelezi namna ya kuwasalimia, anaelezea matunzo. Anataja daftari la wajane, asiandikwe wa chini ya miaka 60. Na mwenye watoto au wajukuu, "hao na wajifunze kwanza kuyatenda yaipasayo jamaa zao wenyewe, na kuwalipa wazazi wao." Angalia hapo: *kuwalipa*. Sababu anaitoa mstari wa 16, kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wasio na mtu. Kwa hiyo kanisa lile lilikuwa likimwambia mwana, mtunze mama yako ndipo sisi tutaweza kumtunza asiye na mwana. Sisi tumegeuza. Mwana analeta kanisani, na mama yake tunamwandika kwenye orodha ya wahitaji, Krismasi tunampelekea sabuni na sukari, na picha tunapiga.

Mstari wa 8 sitaufafanua. "Lakini mtu ye yote asiyewatunza walio wake, yaani, wale wa nyumbani mwake hasa, ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini."

Naomba kuwasilisha. Matusi sitajibu.

---

Pangu Pakavu

Mkuu umenigusa pabaya asubuhi asubuhi. Nakaa hapa nisome maoni.

---

Mtumishi Asiyelala

Mleta uzi, nakuheshimu lakini punguza jazba. Uzi kama huu ndio unawapa watu visingizio. Kesho mtu ataacha kutoa, ukimuuliza anasema "natunza mama", na mama mwenyewe hapewi kitu. Nimeona hilo mara nyingi kuliko hiyo korbani yako.

Yesu hakufuta zaka. Mathayo 23:23, mwalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, mmeacha adili, rehema na imani, "hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache." Yote mawili. Na yule mjane wa Marko 12 alitoa senti mbili ambazo ndizo zilikuwa riziki yake yote, Yesu hakumwambia rudisha ukanunue unga.

---

Karani wa Mnada

Mtumishi, Mathayo 23:23 nakubaliana nawe mia kwa mia. Ila huyo mjane, soma mistari miwili mitatu kabla yake. Yesu ametoka tu kuwasema waandishi "ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu." Halafu ndipo anatokea mjane anamalizia senti zake. Mimi nikisoma sura nzima nauona moyo wa yule mama ukisifiwa, na siwaoni wenye sanduku wakisifiwa popote.

---

Msomi wa Kijiweni

Niongeze kitu, nisije kuonekana natetea Mafarisayo. Wayahudi wenyewe waliligombania jambo hili. Katika Mishna, ule mkusanyo wa mafundisho ya marabi ulioandikwa kama mwaka 200 BK, kuna sehemu inayohusu nadhiri, inaitwa Nedarim. Mlango wa 9 unaanza na Rabi Eliezeri akisema mtu anaweza kufunguliwa nadhiri yake kwa kuangalia heshima ya baba na mama. Wenzake wakamkatalia. Lakini ilipokuja nadhiri inayomgusa mzazi mwenyewe moja kwa moja, wakakubaliana naye kwamba afunguliwe.

Kwa hiyo ukisikia mahubiri ya "Wayahudi walikuwa wanafiki" ujue mhubiri ameruka kipande. Ubishi ulikuwa mle mle ndani, na Yesu alichukua upande.

---

Kifungua Mimba

Naomba niongee kama mtoto wa kwanza, na wa kike.

Hizi mada huwa zinaandikwa kana kwamba wazazi wote ni yule bibi wa kilo mbili za unga. Mimi nina baba aliyeondoka nikiwa darasa la tatu. Mama kauza vitumbua mpaka nikamaliza chuo. Baba amerudi mwaka juzi, amechoka, na amerudi na mstari mmoja tu mdomoni: waheshimu baba yako na mama yako. Anataka nyumba. Si chumba, nyumba. Na wachungaji wawili wamenipigia kwa niaba yake.

Hao wachungaji hakuna aliyenisomea Waefeso 6 mpaka mwisho. Mstari wa 1 mpaka 3 ni wa kwangu, wa 4 ni wa kwake: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Na 2 Wakorintho 12:14, huo sijawahi kuusikia madhabahuni tangu nizaliwe: "haiwapasi watoto kuweka akiba kwa wazazi, bali wazazi kwa watoto."

Mdogo wangu yuko kidato cha tano. Nikijenga nyumba ya baba, ada yake nani analipa? Nijibuni hapo, kwa mistari au bila mistari.

---

Pangu Pakavu

Dada, hapo sasa uzi ndio umeanza.

---

Katekista Mstaafu

Mwanangu Kifungua Mimba, pole. Mimi ni Mkatoliki, nimefundisha mafundisho ya Kipaimara miaka mingi. Amri hii kwetu na kwa Walutheri ni ya nne, kwa Waanglikana na Wasabato ni ya tano, msije mkaanza kugombana na kwa hilo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imetenganisha vitu viwili ambavyo baba yako na hao wachungaji wameviunganisha. Namba 2217 inasema utii kwa wazazi unakoma mtoto anapoanza kujitegemea, heshima haikomi. Namba 2218 inasema watoto waliokua wawasaidie wazazi kwa mali na kwa faraja wakati wa uzee, ugonjwa, upweke na dhiki, *kadiri wawezavyo*. Hayo maneno yamewekwa makusudi. Halafu ukiendelea kidogo tu, unakuta wajibu wa wazazi, nao umeandikwa kirefu.

Kwa hiyo baba akisema nijengee nyumba, hiyo ni amri, na umri wako wa kuamriwa umepita. Baba akiwa mgonjwa hana dawa, hiyo ni dhiki, na hapo huulizwi alikuwa baba wa namna gani. Ada ya mdogo wako ni deni lililokuwepo kabla nyumba haijatajwa. Mweleze hivyo kwa adabu, ukiwa umekaa, na chai umemwekea. Akikasirika, amekasirika.

---

Karani wa Mnada

Mzee Katekista, shikamoo. Umenipunguzia kazi.

Kifungua Mimba, niongeze Daudi tu. 1 Samweli 22. Kijana anawindwa na Sauli, yuko pango la Adulamu na watu mia nne wenye madeni na uchungu. Wazazi wake wako hatarini kwa sababu yake. Anawachukua mpaka Mispa ya Moabu, anamwambia mfalme wa huko awapokee "hata nitakapojua Mungu atakalonitendea." Ona alichokifanya: hakuacha safari yake, wala hakuwaburuza wazee jangwani. Aliwatafutia mahali salama kwa uwezo aliokuwa nao, tena kwa wageni, maana bibi wa baba yake, Ruthu, alikuwa Mmoabu. Ndio "kadiri wawezavyo" hiyo. Chumba cha kupanga na bima ya afya kwa baba yako kinaweza kuwa Moabu yako. Nyumba wala usiumie kichwa.

---

Mama Wawili

Mmeongea ya wazazi mnaachia kile kipande cha dada wa kazi kipite hivi hivi. Mleta uzi ametuweka foleni moja na wachawi jamani!

Mimi nina binti kutoka mkoani. Anakula tunachokula, analala kitanda, nimemnunulia simu, akiumwa nampeleka hospitali. Mshahara wake namtunzia, akiondoka atapewa wote kwa pamoja asije akauchezea. Hiyo nayo ni dhuluma?

---

Wakili wa Jioni

Dada, kwa sheria, Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022 iliweka 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa asiyelala kwako. Fedha, mkononi mwake, kila mwezi. Chakula na kitanda havifuti mshahara, ndiyo maana anayelala kwako kima chake tayari kiko chini. Kumtunzia bila yeye kuomba ni kumnyima. Ana akili ya kukaa na wanao siku nzima peke yao, ana akili ya kushika elfu sitini.

---

Karani wa Mnada

Wakili kamaliza ya kwake, mimi niseme ya kwangu. Kumbukumbu la Torati 24:15: "Mpe ujira wake kwa siku yake, wala jua lisichwe juu yake, kwani ni maskini, moyo wake umeutumainia huo." Kosa linalotajwa pale ni *kuchelewesha*. Huyo mwajiri wa Kumbukumbu inawezekana kabisa alikuwa na nia ya kulipa, na bado ameambiwa yule akimlilia Bwana ni dhambi kwake.

Na Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa "unapiga kelele." Mshahara wa huyo binti uko kwenye akaunti yako, Mama Wawili, na kwa mujibu wa Yakobo haujanyamaza. Samahani kwa ukali. Wewe unamtunza vizuri kuliko wengi, ya hospitali na kitanda si kila nyumba. Ndiyo maana nadhani hili dogo lililobaki hutashindwa.

---

Mama Wawili

Nimesoma. Sijasema nimekubali. Nimesoma.

---

Abuu wa Pwani

Assalaam alaykum. Nilikaribishwa mwanzo wa uzi, naingia. Kwetu pia yapo. Sura ya 17 aya ya 23, Mola ameamrisha msimwabudu ila Yeye, na wazazi wawili kuwatendea wema, wakifikia uzee kwako usiwaambie hata "Ah!" Na katika Ibn Majah kuna hadithi ya kumlipa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Naona vitabu vyetu viwili vimekubaliana kuhusu huyo binti, Mama Wawili hana pa kukimbilia.

---

Pangu Pakavu

😂😂 Abuu umemfungia na mlango wa dharura.

---

Kidume cha Kazi

Mimi swali langu ni la kiume. Mama yangu na mke wangu hawaivi. Mama anasema mimi ndiye nimekuzaa, mke anasema mimi ndiye umeniapia. Mwisho wa mwezi elfu mia moja ikibaki, anayetangulia nani? Msinijibu "zungumzeni".

---

Mtumishi Asiyelala

Mwanzo 2:24, "mwanamume atamwacha baba yake na mama yake naye ataambatana na mkewe." Nyumba yako ni ya kwanza. Lakini mke naye ajue mama hajafutwa. Nimeona wanawake wanaoshika huo mstari kama hati ya kumfukuza mama mkwe.

---

Kifungua Mimba

Na nimeona wanaume wanaotumia mama kama kichaka. Hataki kumpa mke hela ya matumizi, anasema nimemtumia mama. Ukimpigia mama, hajapata. 1 Petro 3:7 inawaambia waume wampe mke heshima, kusudi kuomba kwao "kusizuiliwe." Kwa maana hiyo kuna wanaume wanakesha kwenye mkesha na simu haiendi.

---

Karani wa Mnada

Kidume, hukutaka "zungumzeni", basi nikupe hesabu. Kabla mwezi haujaanza, si mwisho, mama awe na kiwango chake kinachojulikana, hata kama ni elfu thelathini, na mke akijue kiasi hicho na siku kinapotumwa. Mapigano mengi ninayoyaona kwenye baraza la wazee chanzo chake ni fedha iliyotumwa kwa siri, iwe kwa mama au kwa mwingine. Mama asiyejua atapata lini hupiga simu kila siku, na mke anayesikia simu kila siku anaona mumewe anachunwa.

Na kama mke wako ndiye atakuwa anabonyeza kutuma, vizuri zaidi. Mama atajua inatoka mkononi mwa nani.

---

Fundi Bati

Mimi nina la msiba. Nimeshiriki kuezeka kaburi la mzee mmoja, marumaru, vigae, msalaba wa chuma. Watoto wametoka mjini, magari tisa, jeneza la kioo, kamati, fulana zenye picha yake. Huyo mzee nilikuwa namwona hospitali ya wilaya amekaa kwenye benchi na cheti cha dawa mkononi, anasubiri atumiwe. Hilo Biblia inalisemaje?

---

Katekista Mstaafu

Biblia inaheshimu maziko, mwanangu. Abrahamu alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha amzike Sara, na Yusufu alimrudisha baba yake toka Misri mpaka Kanaani. Lakini Yusufu huyo huyo alimlisha Yakobo miaka 17 akiwa hai. Ipo kwenye Mwanzo 47. Hao wa magari tisa walianza na sura ya 50.

---

Pangu Pakavu

Mzee hilo la sura ya 50 naomba ruhusa nikaliseme kwenye kikao cha ukoo.

---

Kidume cha Kazi

Asanteni, ya mama nimeelewa, nitajaribu hiyo ya kiwango. Bado baba mkwe. Amri inasema baba *yako*. Mkwe yumo?

---

Karani wa Mnada

Kutoka 18:7, Musa akatoka nje kumlaki mkwewe, akasujudu na kumbusu, wakaulizana habari, wakaingia hemani. Huyu ni mtu aliyetoka kupasua bahari, kumbuka. Na kesho yake mkwe akamkalia siku nzima anamwangalia anavyoamua kesi, jioni akamwambia unavyofanya si vyema, utachoka bure, gawa kazi. Musa akasikiliza, akafanya yote aliyosema.

Kwa hiyo yumo, na ana haki ya kukushauri hata kazi yako. Wa kwako hajaanza?

---

Kidume cha Kazi

Ameshaanza. Anataka niuze bajaji ninunue ng'ombe.

---

Katekista Mstaafu

Msikilize kwanza. Ng'ombe wa maziwa au wa nyama?